Jina la Bibi kwenye Beseni

Juzi kwenye gare, stesheni ya treni hapa Kindu, muzee mumoja na bibi yake mwenye beseni mukononi walikuwa mbele yangu, wanaomba karatasi ya safari ya Kibombo. Karani akamuuliza muzee: "Sitwayeni, huyu mama njo nani yako?"

Muzee akamuangalia bibi yake mpaka sisi tukaona haya. "Njo mama yangu."

Watu wakacheka. Karani akaweka kalamu chini. "Sasa niandike nini?"

Mama akapindua beseni yake, akaiweka mbele ya bwana yake. "Huyu ni mupiga ngoma. Leo tulitoka mbio, hakupiga. Siku asipopiga, mimi napotea kichwani mwake. Baba, piga jina langu."

Kwao kila mutu iko na jina lake la ngoma, mapigo yake ya kumuita. Vidole vya muzee vikaanza polepole juu ya beseni, kisha vikakimbia. Akainua kichwa, akamugeukia karani: "Weye, hauone huyu njo bibi yangu?"

Mama akacheka na machozi.

Nami nilirudi nyumbani, nikashusha ukutani likembe, kile kinanda cha vidole cha marehemu bwana yangu. Wajukuu wanasema napiga majina yao vibaya. Wacheke tu. Hata siku nami nikisahau, nataka niendelee kumuita kila mumoja wao kwa jina lake.