Mwalimu wa sindano ni mke wa mwanangu

Leo mke wa mwanangu amenifelisha mbele ya manesi wenzangu.

Mimi nimeuguza watu Ikutha karibu tangu uhuru. Tumeitwa Kitui kwa mafunzo mapya, kuingia darasani, mwalimu ni Mwende wetu.

Nikadunga chungwa la mazoezi vizuri, kisha nikarudisha kifuniko cha sindano vile tulifunzwa zamani.

"Sista, rudia," akasema. "Siku hizi kuna ukimwi, na hapo unaweza kujidunga. Sindano ikitoka kwa mgonjwa inaenda kwa sanduku moja kwa moja."

Nikarudia mpaka nikapita.

Jioni akaniletea chai akiangalia chini. "Mama, umekasirika?"

"Ningekasirika kama ungenipitisha bure."

Akacheka, akaketi.

Haya niambieni, nani kati yenu angemwambia mama mkwe wake arudie?