Pumzi ya Arvella

Cleophus Gaines alipiga saksafoni ya teno karibu miaka thelathini katika bendi za watu wengine. Alikaa safu ya nyuma, akala vumbi la barabara zote za Missouri na Oklahoma, na bendi kubwa zilipokufa akaenda kufanya kazi machinjioni hapa hapa Kansas City. Wiki nzima alikuwa akitundika nyama, Jumamosi akipiga muziki. Mimi Otha Pruitt ndiye niliyekuwa na besi pembeni yake. Nasema mapema ili nisidhaniwe hakimu: nilimpenda mtu yule, na waliomdharau siwapendi mpaka leo.

Alikuwa mnene, mpole, na mbishi kupita kiasi. Ukimletea wimbo wa taratibu asioyajua maneno yake, hapigi, hata umbembeleze vipi. Kwa wapigaji wa rika letu hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Unajifunza maneno kwanza, kisha unapopuliza unayasema moyoni, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Wapigaji waliokuja baada ya vita walituona watu wa kale.

Mpiga piano wetu, Lemuel Stokes, hakuwa na simile. Siku moja alimwambia, "Mzee, hicho ni chuma tu. Hakina ulimi."

"Piano yako ndiyo haina ulimi," Cleophus akamjibu. "Ndiyo maana ukianza wimbo wa mapenzi watu wanaagiza mbavu za kuchoma."

Maneno ya nyimbo zote hizo Cleophus alifundishwa na mkewe, Arvella. Walikutana kwenye basi la bendi, yeye Arvella akiwa mwimbaji, na kiongozi wa bendi alimtungia wimbo wake peke yake, wa mwanamke anayepiga pasi shati la mume aliyeondoka. Nje ya kumbi tulizozunguka hakuna aliyeujua. Bendi ilivunjika kabla haujarekodiwa. Kisha, mwaka wa hamsini na sita, Arvella akapata saratani ya koo, na madaktari wakaliondoa koromeo. Mwanamke aliyewahi kunyamazisha ukumbi mzima wa walevi akabaki akizungumza kwa midomo tu, na mumewe akimsoma.

Mwaka uliofuata, majani yalipoanza kudondoka, kampuni moja ya santuri ikamtaka Cleophus arekodi albamu ya nyimbo za taratibu, jina lake juu ya jalada. Mtu ana miaka hamsini na minane ndipo anaambiwa hivyo! Wiki ile ile daktari akasema ugonjwa umerudi, umeingia mapafuni, na hakutegemea Arvella auone mwaka mwingine ukienda mbali.

Cleophus alikuja kwangu na ovaroli yake ya machinjioni, hata kunawa hajanawa vizuri.

"Pruitt, sauti ya Arvella haipo popote," alisema. "Hakuna hata santuri moja. Nataka nimpigie wimbo wake kama alivyokuwa akiuimba yeye, ausikie kabla hajaenda. Basi. Hayo mengine yote wachukue wao."

Mtu wa kampuni, Bwana Fenwick, hakutaka hata kuusikia. Alikuwa mtu mwema, lakini mfanyabiashara. "Bwana Gaines, watu wananunua wanachokijua," alisema. "Wimbo huo unaujua wewe na mkeo."

"Na mimi," nikasema. Akarudia orodha yake ya nyimbo.

Tulirekodi asubuhi, ghorofani kwenye jengo la redio. Arvella aliletwa kwa teksi, kitambaa cha hariri shingoni, akakaa kwenye kiti ndani ya chumba kile kile tulichopigia. Tukapiga nyimbo zinazojulikana na kila mtu, na sijapata kumsikia Cleophus akipiga vile. Ilikuwa sauti nene, isiyo na haraka, yenye ule mwendo wa kuyumba wa swingi hata wimbo ulipokuwa wa kulala. Fenwick alikuwa akitabasamu nyuma ya kioo. Mwishowe akasema kwenye spika, "Haya, huo wa mkeo. Mara moja."

Cleophus hakuutia mapambo hata kidogo. Aliupiga jinsi ulivyo, akimtazama mkewe, na mkewe akiyatamka maneno bila sauti. Walipofika mahali penye "nitaiacha taa ikiwaka dirishani," Cleophus akakatiza pumzi baada ya neno "taa." Kimya. Pengo kubwa kiasi kwamba Lemuel alinyanyua mikono kwenye piano. Kisha Cleophus akaendelea mpaka mwisho.

"Tamu sana," Fenwick akasema. "Lakini pale katikati umeishiwa pumzi. Nakupa nafasi nyingine, tuipate safi."

Nami nilidhani hivyo hivyo. Nikaona aibu kwa ajili yake, nikainamia besi yangu. Nilipoinua macho, Arvella alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka. Alikuwa anacheka.

Hapo ndipo nikakumbuka. Pale pale ndipo alipokuwa akivuta pumzi yeye, kila usiku wa kazi, na kila usiku waligombana kwenye basi. Cleophus akisema, "Unaikatakata sentensi, mwanamke!" Naye akijibu, "Mapafu ni yangu. Ukitaka kuimba, tafuta yako."

"Iache ilivyo," Cleophus akasema.

"Watasema umezeeka, Bwana Gaines. Hii ndiyo albamu yako ya kwanza."

"Waseme."

"Utapata santuri nyingine wapi?"

Cleophus akaivua saksafoni shingoni. "Pale sikuvuta pumzi mimi. Amevuta mke wangu."

Fenwick akamtazama Lemuel, akitarajia msaada. Lemuel, yule yule asiyeacha kutania, akafunga kifuniko cha piano. "Bosi, mzee hajakosea popote," akasema. "Mimi ndiye niliyekosea, nilinyanyua mikono."

Albamu ilitoka Februari. Gazeti moja la mjini liliisifu, kisha likaandika kwamba mpigaji anaonekana kuchoka mwishoni. Nilitaka kwenda kumtafuta mwandishi. Cleophus alilikunja gazeti akafungia mkate wa mahindi alioupeleka kazini. Nyumbani, Arvella alikuwa akiomba wimbo wake kila alipoamka, na Cleophus akirudisha sindano kwenye santuri, tena na tena, bila kuchoka.

Arvella alifariki Machi. Kanisa letu la Kibaptisti lilijaa mpaka nje, wanamuziki wengi, na kila mtu alisubiri saksafoni. Mchungaji akamwita Cleophus kwa jina. Hakusimama. Akaita tena. Dorothea, dada mkubwa wa marehemu, akamwinamia, akamwambia kwa hasira, "Cleophus, una nini wewe? Simama umpigie mkeo!"

"Nilishampigia, dada," akasema, nasi sote wa benchi lile tukasikia. "Nilimpigia akiwa anasikia."