Nywele za Kumlilia Mama

Jumapili iliyopita tulimzika dada yangu Nyemo, hapa Ihumwa, na Jumatano ndugu tukakaa uani kunyolewa. Sabuni ya mche ilipokorogwa kwenye beseni, na harufu yake ikachanganyika na ile ya nywele zilizolowa, nilishikwa na hofu ya Jumatatu, mimi kikongwe nisiye na mwalimu tena wa kunitisha. Basi niwaambie ninyi, maana Nyemo sikumwambia.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala, nasi tulisoma shule ya misheni, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto, tukifuata reli. Sheria za shule ile zilianzia kichwani. Nywele hazikutakiwa, za mvulana wala za msichana. Udongo mwekundu tuliojipaka nyumbani haukutakiwa, shanga pia. Waliotobolewa masikio waliamriwa kutoa vijiti vyao, ndewe zikabaki zinaning'inia kama mlango usio na komeo.

Mkaguzi alikuwa Mwalimu Yona. Kila Jumatatu alipita mstarini akibana nywele zetu kwa vidole viwili. Zikiteleza, umepona. Zikishikika, umekosa, na huko nyuma watoto wanaanza, "Kichaka! Chawa wake wamepanda mtama!" Yeye mwenyewe alichana nywele zake njia katikati, imenyooka kama reli, na kitana kilikaa mfuko wa kaptula. "Kichwa safi, akili safi," alikuwa akituambia. Hakuna aliyethubutu kuuliza juu ya kichwa chake.

Mama alifariki wakati wa palizi, uwele ukiwa umefika kiunoni. Mimi nilikuwa na kama miaka tisa, Nyemo kumi na miwili. Nyumbani kwetu, nywele zilizoota wakati wa msiba zilikuwa za marehemu. Haziguswi mpaka baada ya mavuno, pombe ya matanga ikishapikwa. Siku hiyo ndugu wote hunyolewa pamoja, nywele zikafukiwa shimo moja, na marehemu akaachwa aende zake. Shangazi Mwendwa, dada yake baba, ndiye aliyeshika msiba ule. Alituita mimi na Nyemo, akatushika vichwa.

"Hizi ni za mama yenu. Asiye na nywele siku hiyo, amemlilia kwa kitu gani?"

Kutoka palizi mpaka mavuno kuna Jumatatu nyingi.

Ya kwanza zilikuwa bado kama mchanga. Ya pili tulijipaka mafuta ya nyonyo, mimi mpaka yakanichuruzika shingoni. Vidole vya mwalimu viliteleza, akavifuta kwenye gauni langu.

"Jumatatu ijayo," akasema, "nitakuja na majivu mkononi."

 Wiki ile darasani nilikuwa najishika kichwa, njiani najishika kichwa, nikalala na kiganja utosini kana kwamba ningeweza kuzisukuma zirudi ndani. Nyemo alikuwa akiimba njia nzima. Nilimuuliza kama haogopi fimbo. "Fimbo inauma asubuhi tu," akasema, "mchana umesahau."

Mimi sikuweza. Ijumaa, baada ya masomo, nilimwambia atangulie, nina zamu ya kufagia. Zamu sikuwa nayo. Nilikwenda kwa Damari, kiranja wa wasichana, mtunza wembe wa shule.

"Si mna msiba ninyi?" akauliza.

"Shangazi amekubali."

"Haya, inama."

Wembe ulikuwa butu na maji yalikuwa ya baridi. Nywele zangu, zilizokuwa za mama, zilianguka kwenye vumbi na upepo wa kwetu haukuziacha hapo. Nilijisikia mwepesi, na nikafurahi. Hilo nalo naliandika, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Nyumbani nilisema nimekamatwa nikanyolewa kwa nguvu. Shangazi aliwatukana walimu wote na mama waliowazaa. Nyemo alinitazama tu.

Jumatatu mwalimu alikuja kweli na majivu. Kwangu vidole viliteleza, akapita.  Kisha akafika kwa dada yangu, na zikashikika.

"Nyemo. Msitu huu wa nani?"

"Wa mama, Mwalimu."

Mstari mzima ukacheka. Nyemo hakucheka.

"Mama amefariki," akasema. "Hatunyoi mpaka siku yake."

 Sisemi uongo nikisema uso wa Mwalimu Yona ulilegea kidogo. Nadhani naye alikuwa na mama. Halafu macho yake yakarudi nyuma mstarini mpaka kwenye kichwa changu kinachong'aa.

"Na huyu si mdogo wako? Mbona amenyoa? Au yeye ana mama mwingine?"

Watoto wakacheka tena. Mwalimu akanigeukia mimi.

"Wewe. Kuna kukatazwa kunyoa huko kwenu?"

Neno moja lingetosha. "Ndiyo" tu. Lakini ningesema ndiyo, angeniuliza nani basi aliyeninyoa, na Damari alikuwa amesimama pale pale, naye angesema nilimwendea mwenyewe. Nilitazama miguu yangu. Kulikuwa na siafu anapanda kidole gumba, nikamwangalia huyo siafu.

"Mwongo," mwalimu akamwambia Nyemo. Alimchapa fimbo nne, akamwambia aende, arudi na kichwa cha shule.

Aliondoka kwa kufuata reli. Hakuimba. Hakurudi tena.

Baada ya mavuno siku ya mama ilifika. Tuliketi mkekani kwa kufuata umri. Nywele za Nyemo zilikuwa zimeshikamana, zilianguka mapandemapande. Zamu yangu ilipofika, kichwa changu kilikuwa kimenyolewa tena shuleni Ijumaa iliyotangulia. Shangazi alipitisha wembe juu ya ngozi kavu, krr, krr, na hakuna kilichoanguka. Watu wazima walitazama pembeni. Ndipo Nyemo akachota fungu katika nywele zake, akanifumbua kiganja, akaliweka humo.

"Katupe," akaninong'oneza. "Wahi kabla hawajafukia."

Nilikwenda nikatupa. Nilidhani wakati ule kwamba ananihurumia kwa kuwa hajui. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoelewa kwamba alijua tangu Ijumaa ile, tangu aliponitazama. Kichwa chake sasa kilikuwa cha shule, lakini baba alikuwa amekwisha kumkabidhi ndama, na ndama hawaachwi. Mimi nilifika darasa la nne. Nyemo aliweka dole gumba maisha yake yote, na barua zake nilimsomea mimi. Hakulitaja neno lile hata mara moja. Mimi nililibeba kila nilipomsomea, na kila mara nikakunja barua nikaenda.

Jumatano, basi. Siku hizi hakuna anayengoja mavuno. Kijana mwenye mkasi aliniambia, "Bibi, siku hizi tunakata kidogo tu, alama."

"Nyoa zote," nikamwambia.

Zilianguka mapajani mwangu, nyeupe. Pembeni yangu aliketi Neema, mjukuu wa Nyemo, mwanafunzi wa darasa la tano, kichwa kimenyolewa cha shule, hana kitu. Alikuwa amefumbata mikono, anatazama chini. Nikachota fungu, nikamfumbua kiganja.

"Bibi, hizi si zangu," akasema.

"Shika. Wahi kabla hawajafukia."

Akaenda mbio, akatupa, akarudi akijifuta mkono kwenye sketi.