Pasi ya Bi Sikio

Msimamizi wa karakana ya sare za shule alisimamia kazi kwa masikio. Kibanda chake cha vioo kilikuwa juu ya ngazi, pembeni mwa chumba kikubwa cha cherehani, na vioo vyenyewe vilikuwa vimeshika vumbi la pamba miaka nenda miaka rudi, hata ukitazama chini unaona ukungu tu. Yeye hakujali. "Macho yanadanganywa," alisema, "sikio halidanganywi." Alikaa na kikombe chake cha chai akisikiliza mngurumo wa cherehani za umeme, na moja ikinyamaza kupita muda wa kubadilisha uzi, alitoa kichwa mlangoni akauliza nani amelala. Usoni walimwita Mama. Kwenye foleni ya maji ya kunywa walimwita Bi Sikio, naye alijua, na moyoni alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Sasa habari ya likizo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Bi Sikio hakumdhulumu mtu likizo. Kila mshonaji alizipata siku zake zote, mwaka hadi mwaka. Ila alizipata wakati wa mvua, wakati kazi hakuna, harusi hakuna, njia ni matope matupu, na mtu akipumzika anapumzika akitazama ndoo inavyojaa chini ya paa linalovuja. Msimu wa sare, yaani ile miezi ya kabla ya shule kufunguliwa, kutoka ilikuwa marufuku. Mshonaji akipanda ngazi na habari za mgonjwa au harusi, aliulizwa yale yale: nani atashika nafasi yako? Jambo lenyewe haliwezi kusogezwa? Na je, kila mtu akifanya hivyo? Mtu alishuka ngazi kimya kimya akarudi kwenye kiti chake.

Alikuwa na sababu. Zamani, alipokuwa bado mshonaji wa mapindo, ulikuja msimu ambao watu waliondoka ovyo, huyu msibani, yule harusini, yule haijulikani wapi, na sare zikachelewa. Mteja mkubwa akachukua kazi yake akaipeleka kwingine, na baadhi ya washonaji wakarudishwa nyumbani moja kwa moja, akiwemo shoga yake wa chanda na pete. Alipopewa usimamizi aliapa kwamba jambo lile halitatokea tena mikononi mwake. Halikutokea. Oda zilitoka kwa wakati kila msimu, na Bi Sikio akaamini ni kwa sababu ya sikio lake.

Kisha mapenzi yakaingia.

Alikuwa mjane wa miaka mingi, mwenye wajukuu na magoti yanayolia. Mwanamume mwenyewe alikuwa fundi wa mashine wa karakana, naye amefiwa na mkewe; walimwita Fundi Mafuta kwa kuwa hakuwa na shati lisilo na doa la mafuta ya cherehani. Mambo yalianzia kwenye pasi. Pasi ya umeme ya Bi Sikio, yenye mshikio mwekundu, iliungua nyumbani, akampa fundi aitazame. Fundi akarudi na uso wa msiba.

"Mama, tumempoteza."

"Nani?"

"Pasi. Nimejaribu kila kitu. Niruhusu nikaizike mwenyewe, wewe usijisumbue."

Bi Sikio alicheka mpaka akamwaga chai. Baada ya siku chache fundi alileta pasi mpya. Baada ya hapo hakuna kilichoharibika tena, lakini fundi alikuja kibandani vilevile. Watu wazima hawana papara, ikapita misimu kadhaa ya kuja bila kuitwa, mpaka kila mtu karakanani akajua isipokuwa wao wenyewe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Bi Sikio alianza kushuka ngazi akiimba. Siku moja aliletewa kola iliyoshonwa kombo, akaigeuza huku na huku, akasema, "Nzuri sana, ina raha yake," na mshonaji akabaki mdomo wazi.

Fundi alipomwomba waoane, alikubali hata kabla hajamaliza kuomba. Taabu ikawa tarehe. Binti wa pekee wa fundi alifanya kazi mbali, na bosi wake alikuwa amemkubalia likizo ya juma moja tu, katikati kabisa ya msimu wa sare.

"Mwambie huyo bosi asogeze," Bi Sikio alisema.

"Amekataa. Anasema kila mtu akifanya hivyo kazi itasimama."

"Bosi gani huyo asiye na utu!" Bi Sikio alifoka. "Hivi ana mama yake kweli?"

Fundi alikohoa, akainamia mkoba wake kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Ilimchukua Bi Sikio usiku kucha kuelewa kwa nini fundi alikohoa. Asubuhi alikwenda kwa mwenye karakana, mtu mpole aliyechukia ugomvi kuliko hasara, akaomba likizo huku akitazama viatu vyake.

"Mimi nina furaha na wewe," mwenye karakana alisema. "Lakini kanuni ni yako, Mama. Nikikuruhusu wewe, wale waliozuiwa wote niwaambie nini? Nenda kawaombe wenyewe. Wakikubali kukubebea mzigo wako, olewa hata leo."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bi Sikio alisimama kwenye ngazi ya chini, akapiga makofi, akawaambia wazime cherehani na wasogee. Mngurumo ukapungua, watu wakakusanyika wakiwa na uzi kwenye nywele na futi za kupimia shingoni. Alisema shida yake kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa. Kisha Shangazi Vifungo, mkongwe wa karakana nzima, aliyekuwa akitoboa tundu za vifungo tangu baadhi ya wenzake hawajazaliwa, akakunja mikono.

"Mwanangu, hongera. Sasa nani atashika nafasi yako?"

Mtu mmoja nyuma akaguna kwa kujizuia kucheka.

"Na harusi yenyewe haiwezi kusogezwa, Mama?" akauliza mpinda sketi kwa sauti ya upole kabisa. "Mpaka mvua? Mvua ni baraka."

"Na je," wakasema wengine kwa pamoja, maana walilijua kwa moyo, "kila mtu akifanya hivyo?"

Vicheko vikalipuka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bi Sikio aliusikia ubavuni. Alitaka kukasirika, akashindwa kuona pa kuanzia.

"Chekeni, ni haki yenu," alisema. "Nilikuwa mgumu. Lakini mlijua ninachokiogopa. Mtu mmoja akitoka hapa, mimi nasikia. Nikitoka mimi, nani atasikia?" Akamgeukia Shangazi Vifungo. "Na yule mtu nampenda, jamani. Nilidhani mambo hayo kwangu yamekwisha, nikakunja nikaweka kabatini. Sitaki kumwambia binti yake arudi bila kutuona tukioana."

Hapo vicheko vikafa. Shangazi Vifungo akajifuta jicho kwa pembe ya leso. Karakana ikawa kimya kuliko ilivyowahi kuwa mchana wa kazi, na katika kimya kile Bi Sikio akainua kichwa.

Cherehani moja ilikuwa inanguruma.

"Nani hajazima?" aliuliza.

Alitazama nyuso, akaona kama zote ziko mbele yake, na zote zinatazama dari. Alianza kutembea. Watu wakampisha kwa namna ya watu wanaotamani kutompisha. Kwenye kona ya mwisho, nyuma ya marobota ya kitambaa cha bluu, kilikuwako kiti chenye sweta mgongoni, na mbele yake cherehani isiyo na uzi wala nguo inapiga sindano hewani kwa bidii ya kutisha. Aliinama, magoti yakalia. Juu ya kikanyagio ilikuwa imekalishwa pasi yenye mshikio mwekundu.

"Marehemu," alisema polepole.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, Fundi Mafuta akaingia na mkoba wake, akaona umati ulipokusanyika, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Fundi!" Bi Sikio aliita. "Pasi yangu uliizika wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alivua kofia. "Bibie, niliizika kwenye kikanyagio," alisema. "Mshonaji wa kola alikuwa na mtoto amelazwa, wewe ukamkatalia. Nilimkuta analia juu ya kola, machozi yanaingia kwenye mota. Nikasema, huyu mama husikia tu, haoni. Tumpe cha kusikia."

"Na kazi ya mshonaji wa kola?"

"Tuligawana," Shangazi Vifungo alisema. "Kila mtu akashona kola kidogo kidogo, na mwenyewe aliporudi akalipa kwa kumshonea aliyefuata. Tangu hapo ndiyo desturi yetu. Msimu ule mteja mmoja alipokusifu kwa kuwahi, mwanangu, mimi nilikuwa sipo. Nilikuwa namwozesha mwanangu wa mwisho."

"Na leo hayupo nani?"

"Huyohuyo wa kola. Dada yake amejifungua pacha."

Bi Sikio alibaki ameinama. Aibu ilimpanda kwanza, moto kabisa, akiwakumbuka mmoja mmoja walivyokuwa wakishuka ngazi kimya. Kisha akakumbuka alivyokuwa akikaa juu kule na chai yake, ameridhika, akiisikiliza pasi yake mwenyewe ikifanya kazi kwa bidii kuliko alipokuwa nayo nyumbani. Kikaanza kicheko tumboni. Akakibana, kikatokea puani. Akakalia robota, akacheka akijipiga mapaja, machozi yakimtoka, na kila alipotaka kusema neno aliionyesha pasi kwa kidole akaanza upya. Shangazi Vifungo naye akaangua kicheko, mpinda sketi akaketi sakafuni. Fundi Mafuta peke yake hakucheka. Alikuwa anasubiri kujua kama bado ana mchumba.

"Unanioa?" hatimaye Bi Sikio alimuuliza.

"Ukiniruhusu."

"Basi mwondoe mwizi huyo hapo chini."

Fundi aliiondoa pasi. Cherehani ikanyamaza. Bi Sikio akajifuta macho, akasema mshonaji wa kola apelekewe habari abaki na dada yake mpaka hao pacha wamzoee, na kuanzia siku hiyo mwenye shida apande ngazi aseme waziwazi, watapangana zamu ya kutoka na kubebana kama walivyokuwa wakibebana kwa siri, ila wasitoke wote kwa mkupuo, maana njaa haina urafiki na mtu. "Na mimi?" aliongeza, akiwa mdogo ghafla. "Mtanibeba?"

"Wewe mzito," Shangazi Vifungo alisema, "lakini tuko wengi."

Harusi ikafanyika, binti akaja, akala, akacheza, akarudi kwa bosi wake asiye na utu. Bi harusi na bwana harusi wakaenda kupumzika kwenye nyumba ya wageni yenye bustani, na kwa siku ya kwanza Bi Sikio hakuitaja kazi. Kufika siku ya pili alikuwa anatembea chumbani akigusa mapazia, anakagua mapindo yake. Mumewe akampa simu mwenyewe.

Aliyepokea ni Shangazi Vifungo. Nyuma yake cherehani zilinguruma kwa raha.

"Kazi inaendaje?" Bi Sikio aliuliza.

"Inakwenda. Na wewe mwenyewe upo."

"Nipo wapi?"

"Upo kitini kwako juu. Tumekuwekea leso yako mgongoni na pasi yako pa kukalia. Mwenye karakana amepita asubuhi, amecheka, amekusalimia."

Bi Sikio alishika shavu. "Na hiyo pasi inawasimamia vizuri?"

"Kukushinda wewe," Shangazi Vifungo alisema. "Tangu ikae hapo, haijamnyima mtu ruhusa hata mmoja."