Mstari Mwekundu wa Geji ya Baba

Paa!

Mara moja tu, halafu kimya, halafu kuku wanaanza kulalamika. Huo ndio mlio wa utoto wangu. Wenzangu wanakumbuka kengele ya shule au mtwangio wa bibi kwenye kinu. Mimi nakumbuka tairi jipya likikaa kwenye rimu. Mwezi uliopita nilikwenda Kharumwa kumsalimia binti wa shangazi yangu, ambaye siku hizi ana banda lake la matairi, na kabla sijafika mlangoni nikausikia. Paa! Nikasimama barabarani na mfuko wangu wa rangi za kucha begani, nikacheka peke yangu hadi dereva wa bodaboda akanigeukia. Halafu, rafiki yangu, wivu ukanipanda palepale. Wivu uleule wa zamani. Haujazeeka hata kidogo.

Banda la baba lilikuwa Ushirombo, kando ya barabara kuu. Mabati yaliyochakaa, kompresa iliyokohoa kwanza ndipo iwake, na harufu ya mpira uliopigwa na jua. Nyuma ya banda mama alianika michembe, kwa hiyo hadi leo nikitafuna kiazi kikavu ulimi wangu unangoja harufu ya tairi. Magari mengi ya kwetu yalitembelea matairi ya mtumba. Tairi jipya lilikuwa sikukuu. Lilikuja na vile vinyweleo vyake vya mpira, nasi tulivinyofoa kimoja kimoja kama tunaochambua pamba.

Baba alilipaka povu la sabuni mdomoni, akalivalisha rimu, akatufukuza tukajifiche nyuma ya ukuta, ndipo akaanza kujaza upepo. Alijaza kuzidi. Yaani kuzidi upepo wa kutembelea barabarani, maana tairi jipya ni kaidi, mdomo wake haushiki chuma sawasawa mpaka usukumwe. Kwenye kioo cha geji, kile kipimo cha upepo, alikuwa na mistari miwili. Mweupe ulikuwa wa safari. Mwekundu ulikuwa wa kukalisha tairi, na alikuwa ameuchora kwa rangi ya kucha ya mama, bila kumwomba. Mama alimnunia wiki nzima. Mshale ulikuwa na ruhusa ya kuufikia mstari ule, siyo kuuvuka.

Tairi likiitika, wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakipita kuelekea machimboni waliinamisha vichwa, kisha wakapiga kelele, "Fundi, mwamba umepasuka? Kuna mali?"

"Leteni karai mchekeche!" baba anawajibu.

Baada ya hapo tairi liliegemezwa kivulini lipumzike wakati yeye anakula. Ndipo ilipokuja kazi niliyoiota usiku na mchana: kupunguza upepo. Unachuchumaa, unabonyeza katikati ya valvu, fiiii, upepo wa baridi unakupiga shavuni, unapima, unabonyeza tena, mpaka mshale ushuke kwenye mstari mweupe. Bila hilo tairi halikufungwa kwenye gari.

Kazi hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya binti wa shangazi.

Shangazi alimleta kwetu asome, akanikuta mimi ndiye mtoto pekee wa nyumba ile, mwenye baba wangu peke yangu. Kumbe mwenzangu ana mkono mtulivu. Baba alimpa geji kabla hatujamaliza hata gunia la karanga alilokuja nalo kama zawadi. Mimi nikapewa kopo la povu. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani, kwa hiyo hakunionea haya. "Endelea kukoroga uji wako wa sabuni, mama lishe," ananiambia. Nami namjibu, "Na wewe endelea kujambisha matairi." Mama anacheka hadi ungo unamponyoka. Mimi sikucheka. Nilimtazama baba anavyosimama nyuma yake, mkono begani kwake, anasema, "Taratibu, mjomba, taratibu," maana waliitana mjomba wote wawili, nikatamani bega lile lingekuwa langu.

Basi siku moja akaja mnunuzi wa mpunga, mtu mnene wa maneno mengi, na tairi jipya kwenye pikapu yake. Baba akalijaza, paa, akaliegemeza, akaenda kunawa. Mama akamwita binti wa shangazi ampepetee mpunga kidogo. Baba alipomaliza kula alilichukua tairi akalifunga, hakupima, kwa sababu alimwamini mpwa wake kuwa ameshapunguza. Pikapu ikaondoka na vumbi lake kuelekea Kharumwa.

Mtani wangu alikuwa bado na ungo mkononi. Akaganda. "Mjomba," akasema, na sauti ikakatika. "Sijapunguza."

Jirani yetu, mama aliyeuza maziwa mgando, alikuwepo, naye hakuwa mtu wa kumeza neno. "Ushaliua tairi la watu! Tairi jipya ukilishindilia hivyo nyuzi zake zinakatika ndani kwa ndani. Litapasuka hata kabla halijafika ule mto wa njiani."

"Halijavuka mwekundu," baba alijibu, lakini alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaitazama barabara, na chai aliyoletewa ikapoa. Nilijua anachoogopa. Jiwe moja kali, tairi likiwa gumu vile, na mtu yule angeviringika na gari lake. Binti wa shangazi alikwenda kukaa nyuma ya mkeka wa michembe akalia kimya kimya. Na mimi? Nililionea huruma lile chozi, kweli nililionea. Lakini chini ya huruma kulikuwa na kitu kingine kinarukaruka: kuanzia leo geji ni yangu. Nilinawa mikono. Nikaifuta kwenye gauni. Nikaketi karibu na baba ili nisitafutwe.

Jua lilipoanza kulegea pikapu ikarudi, nzima, ikidunda. Mnunuzi wa mpunga akashuka ameshika kiuno. "Fundi! Umenifungia mbuzi au tairi? Kila kokoto linanirusha hadi darini!"

Baba hakujitetea. Alimwomba radhi, akapiga jeki, akalitoa tairi. Alipitisha kiganja nje, akalitoa kwenye rimu akapitisha kiganja ndani, polepole, macho yamefumbwa, kama mganga anayetafuta uvimbe. Akalirudisha, akajaza, paa, akaomba povu. Nikalipaka. Hapakutoka hata kipovu kimoja.

"Halina kitu," akasema. Kisha akamgeukia yule jirani wa maziwa, ambaye alikuwa hajaondoka, angeondokaje. "Tairi haliharibiwi na kushiba, mama. Linaharibiwa na kusafirishwa limeshiba. Lingetembea hivi mwezi mzima ungeona linalika katikati kama kandambili, au jiwe lingelipasua. Lakini kulijaza likae, likapumzika, ukalipunguza, halidhuriki."

Nikasimama. Mikono yangu ilikuwa safi kabisa.

"Mjomba!" baba akaita kuelekea kwenye michembe. "Njoo upunguze."

Akaja na macho mekundu, akachuchumaa. Baba akaweka mkono begani kwake. Baadaye nilimuuliza kwa nini yeye tena, na sauti yangu haikuwa nzuri. Akasema, "Aliyesahau mara moja na akalia, huyo hasahau tena. Wewe ungekuja kuanza upya."

Jibu lile sijalimaliza kulitafuna hadi leo.

Baba ametutoka. Banda limevunjwa, pale pana duka la simu, na mama hana tena nguvu za kukata viazi. Magari yamekuwa mengi, mafundi wana mashine, tairi linajazwa na kufungwa mwenye gari akiwa bado anazungumza na simu. Hakuna anayelipumzisha. Ni kule Kharumwa tu nilikoona tairi jipya limeegemezwa kivulini, na geji ya baba inaning'inia kwenye msumari. Binti wa shangazi ndiye aliyeachiwa. Mimi napaka kucha za watu sokoni na ninaota saluni yenye vioo ukuta mzima, na Mungu akipenda nitaipata. Lakini geji ile niliitazama kama mtoto anavyotazama sahani ya mwenzake.

"Kaa, mama lishe," mtani wangu akaniambia, akajifunga kitenge vizuri. "Nikakuletee soda. Usiniguse tairi langu."

"Nani analitaka dude lako hilo."

Alipopotea kwenye kona niliishusha geji. Mstari mweupe alikuwa ameutilia rangi mpya. Mwekundu ulikuwa umebaki kivuli tu, kaukucha kamoja ka ile rangi ya mama pembeni mwa kioo. Labda aliujua kwa moyo. Labda hakupata mtu wa kumwomba rangi.

Nikafungua mfuko wangu, nikatafuta nyekundu iliyofanana na ya mama, nikashikilia pumzi, nikauchora upya juu ya ule wa baba. Nikaupuliza mpaka ukakauka, nikairudisha kwenye msumari.