Mluzi wa Karani wa Dirisha la Nne

Karani wa dirisha la nne katika ofisi ya mapato hasomi karatasi kabla hajainyoosha kwa kiganja mara tatu, kama anayepiga pasi kola. Akinusa jambo, hupiga mluzi mwembamba. Leo alianza nilipomwaga mbele yake vikaratasi vya marehemu baba, fundi seremala, ambaye kila risiti aliigeuza daftari la vipimo. Barua ya kodi ilisema karakana yake haikulipiwa miaka minne. “Nitalipa mimi, mzee,” nikasema, nikishika kalamu nijaze fomu ya malipo. Akaifunika fomu kwa kiganja. “Subiri, mwanangu. Deni la marehemu hulipwa kwa alichoacha, si kwa mshahara wako. Na kwanza tuone kama lipo.”

Akageuza kikaratasi cha vipimo vya mlango wa jirani: nyuma yake, muhuri wa kodi wa mwaka wa kwanza. Kabati la mwalimu, wa pili. Mluzi ukapanda. Makarani wenzake wakaacha chai, foleni nzima ikatusogelea. Kitanda cha mapacha, wa tatu. Kikabaki kimoja, kimekunjwa mara nne. Alikinyoosha taratibu mpaka nikatamani kumpokonya, kisha akasoma: “Meza ya binti yangu ya kusomea. Akirefuka, niongeze miguu.” Mluzi ukakatika. Akakigeuza, na muhuri wa nne ulikuwepo. Watu wakapiga makofi. Yeye akaenda kwenye mashine, akatoa nakala ya upande wa muhuri, akanirudishia kikaratasi chenyewe. “Serikali inatosheka na nakala,” akasema.