Neno Nililomwambia Mama

Mdogo wangu alifariki baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza. Uchungu ulimwanza mchana, akiwa nyumbani kwa mama, kijijini Sepuka. Mama alituzaa sisi wote kwenye nyumba ile ile bila kumwona daktari, akasema mimba ya kwanza haina haraka, tusubiri. Walisubiri. Mtoto alizaliwa alfajiri, mzima kabisa, lakini damu ya mama yake ikakataa kukatika. Gari lilipopatikana jua lilikuwa limeshatoka, na mdogo wangu alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Mimi nilikuwa Unyambwa, ninakoishi na kushona nguo. Nilipofika Sepuka, akina mama walikuwa wameshajaa uani wanachagua maharage ya msiba. Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka. Nilitakiwa nimkumbatie, nilie naye. Badala yake nilisimama mlangoni, nikamwambia kwa sauti iliyofika mpaka uani: "Umemuua kwa ubishi wako."

Aliinua uso, akanitazama, kisha akauinamisha tena. Shangazi alinishika mkono akanitoa nje.

Baada ya mazishi, shemeji yangu, baba wa mtoto, ambaye kiangazi kizima huhama na ng'ombe kutafuta malisho, aliuliza nani atamlea mtoto. Mama alinyoosha mikono. Mimi nikawahi. Watu walinisifu, wakasema dada ni mama. Nilimchukua kwa kumpenda, hilo ni kweli. Lakini nilimchukua pia ili mama asimpate.

Nilikuwa naishi peke yangu, sijajaliwa mtoto, sijui hata kumwogesha. Nilimlaza kwenye beseni kubwa nililotandika kanga, pembeni ya cherehani, nikawa nashona huku namtikisa kwa mguu. Machozi hayakunitoka hata siku moja. Kilichotoka ni maneno makali. Mama mmoja alirudisha kaptula ya shule ya mwanawe kwa sababu ya kifungo kilicholegea, nikamwambia kama anajua sana akashone mwenyewe. Alikunja kaptula yake taratibu, akaondoka, na hakurudi tena. Wengine nao wakapungua.

Kila baada ya mwezi mmoja au miwili nilimpeleka mtoto Sepuka ndugu wamwone. Kwetu huwezi kumpita mzazi bila kumwamkia, hata moyo uwe umejaa nini. Basi nilisema shikamoo, mama akasema marahaba, tukawa tumemaliza. Akitaka kujua kama mtoto ameota meno, alimtuma shangazi aniulize, wakati mimi nimekaa palepale. Hata kumbeba sikumwachia. Nilikuwa na sababu kila mara: ananyonya chupa, ana mafua, amelala.

Mtoto alipofikisha miezi minane alianza kusumbuliwa na meno. Siku moja alilia tangu asubuhi. Mchana nikakata kitambaa cha mteja vibaya, na nilipoona mkasi umeshapita pasipotakiwa, nilimgeukia yeye. Nilimnyanyua kwa mkono mmoja, nikamtupa kwenye mkeka kama mtu anavyotua mzigo. Akanyamaza ghafla, akanikazia macho. Mkononi mwake mlikuwa na alama nne za vidole vyangu. Nilikaa chini mbali naye. Nilijiogopa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Muuguzi aliyekuwa anampima uzito aliziona zile alama. Nilijua ataita watu, na nusu ya moyo wangu ilitaka aite. Alinipeleka nyuma ya pazia, akaniuliza nani ananisaidia. Nikasema hakuna, mama wa mtoto alifariki. Akaniuliza nililia na nani kwenye msiba. Nikamwambia sijalia.

"Dada," akasema, "hasira ikikupanda, mlaze mtoto mahali salama, toka nje. Atalia, lakini kulia hakutamuumiza. Ukiwa nje jiulize: hii ni hasira, au ni kitu kingine? Usirudi ndani mpaka umejijibu."

Akaniamuru nije kila wiki. Na kila wiki alimvua mtoto nguo zote, akamgeuza huku na huku akimkagua mbele yangu. Aibu ile nilistahili kuibeba.

Maneno yake niliyaona ya kitoto, lakini niliyafuata kwa kuwa sikuwa na mengine. Nyuma ya nyumba yangu kuna jiwe kubwa, kama yalivyojaa mawe Singida yote. Hasira ikinipanda nilikwenda kusimama pale. Mara ya kwanza nilijiuliza, nikajibu kwamba nina hasira na mama. Mara ya pili hivyohivyo. Nilirudi ndani nikiwa vilevile, ila mikono imepoa.

Siku moja jibu lilikuja jingine. Mchana ule uchungu ulipomwanza, mdogo wangu alinipigia simu. Alisema, "Dada, tumbo linaniuma vibaya, mama anasema tusubiri. Wewe unasemaje?" Nilikuwa na sare za shule za kukabidhi asubuhi. Nikamwambia, "Msikilize mama, anajua. Nitakupigia kesho."

Simu ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Hata mimi mwenyewe nilikuwa naizunguka. Siku hiyo nilikaa chini, mgongo kwenye jiwe, nikalia kilio ambacho nilikuwa sijalia msibani, mpaka jirani akaja kumchukua mtoto.

Ningependa kusema nilikwenda Sepuka kesho yake. Ilinichukua miezi miwili.

Nilimkuta mama nyuma ya jiko anapepeta mtama, yuko peke yake. Nilimwamkia, nikapiga magoti mtoto akiwa mgongoni, nikamwambia habari ya simu yote, neno kwa neno. Mama aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa naye. Nilikusikia."

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile, mbele ya watu, nilipomtupia lawama yote yeye.

"Ningesema, wewe ungeishije?"

Nilimwomba msamaha, nikashindwa kumaliza sentensi.

"Wewe ulikuwa mbali," akasema. "Mimi nilikuwa namwona. Neno lako halikuwa uongo wote, mwanangu. Nimekaa nalo kila siku. Ila liliniuma zaidi kwa kuwa lilitoka kwako."

Kisha akaomba mtoto. Nilimfungua mgongoni, nikamkabidhi. Mtoto alimwangalia mara moja tu akaanza kupiga kelele, akijirusha kunirudia. Mama alijaribu kumbembeleza, akamwimbia kwa Kinyaturu, haikusaidia. Akanirudishia.

"Hanijui," akasema.

Alilisema bila kulaumu, na ndiyo maana mpaka leo linanichoma. Niliyemnyima nafasi ya kujulikana na mjukuu wake nilikuwa mimi.

Sasa mtoto ana miaka minne, na likizo zote za chekechea tunazimalizia Sepuka. Hasira bado hunijia. Wiki iliyopita nilitoka nje mara mbili, mara moja nikiwa bado na sindano mdomoni. Mimi na mama huzungumza, ingawa yapo mambo tunayapita pembeni.

Juzi tulikuwa tunapukuchua alizeti, na mtoto akauliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Nilimwangalia mama. Mama akasema alikuwa mvivu wa kuamka, tena mvivu haswa, hata umwagiwe maji. Tulicheka wote, na mtoto akacheka kwa kuwa tumecheka. Mama hakuweza kuacha. Kicheko kikageuka taratibu, nikaona machozi yanadondokea kwenye alizeti. Sikumwambia anyamaze. Nilisogea nikakaa karibu naye, na mtoto akauliza bibi anacheka nini tena.